Kiti cha Mawe Kisichokalika

Mtaani kwetu Machakos watu hukaa popote. Hukaa juu ya matairi, juu ya kreti za soda, juu ya ukuta wa jirani mpaka jirani atoke na maji machafu ya kuwatishia. Ndiyo maana baba yangu aliponijengea kiti cha mawe mbele ya duka langu la kahawa, na mtaa mzima ukakataa kukikalia, nilikasirika. Nilidhani watu wananidharau. Hasira zangu ziko karibu, hilo sifichi. Mama alikuwa akisema mimi nilizaliwa jua la saa saba na sijawahi kupoa.

Nianze na huyo Mama, kwa sababu bila yeye kusingekuwa na kahawa wala kiti. Alizaliwa huko milimani juu ya mji, ambako kahawa inakubali, akaolewa Ndithini, ambako hata mahindi huota kwa kubembelezwa. Kwao walilima kahawa miaka nenda miaka rudi na yote ikaenda kiwandani. Wenyewe walikunywa chai. Ni yeye tu aliyejifundisha kuzikaanga buni kwenye karai, kuzitwanga kwa kinu na kuzichemsha na tangawizi. Nilipofungua duka kwenye kiploti changu pembeni mwa mji, vyumba vyangu viwili vikiwa nyuma yake, alikuja kunisaidia kwa wiki moja na akasahau kurudi. Baba akawa anakuja kumtembelea mke wake kwangu kama kijana anayechumbia. Wateja walimwita Mama Kahawa. Mimi mwenye duka nilikuwa yule msichana wake tu, na nywele zangu zina mvi.

Baba alikuwa fundi wa mawe. Alijenga shule, makanisa, nyumba za watu mpaka pande za Konza. Alipozeeka na magoti yakakataa kupanda jukwaa, alibaki na kazi ya chini, yaani makaburi. Kwetu mtu akizikwa, kaburi huachwa kwanza udongo ukae, kisha hujengewa kwa mawe na kupigwa plasta. Kwa miaka ile ya mwisho baba yangu hakujenga kitu kingine, na pale Ndithini ni nyumba chache ambazo hazina kazi ya mkono wake shambani.

Akimaliza kazi yoyote nyumbani, hata kama ni kuziba tundu la panya, alimwita Mama aje aone. Mama alikuja, mkono kiunoni kwa sababu nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu, akazunguka polepole, akatazama juu na chini, kisha akasema, "Si mbaya." Hakuwahi kusema zaidi ya hapo. Baba aliishi siku nzima kwa hayo maneno mawili, akipiga mluzi.

Jambo moja tu Mama alimdai, na alimdai kwa utani. Viti vya kawaida vilikuwa chini mno kwa ile nyonga. Kukaa ilikuwa shida na kuinuka ilikuwa shida kubwa zaidi. Alitaka kiti cha mawe nje ya jiko lake Ndithini, kirefu kidogo, aweze kukaa akichambua kunde. "Fundi," alimwambia mbele za watu, "umejengea mpaka maiti. Mimi niko hai na nimesimama." Baba alicheka na kusema, "Nitakujengea." Hakuwa anadanganya. Alidhani muda upo.

Mama aliugua tumbo. Akalazwa, akarudi, akalazwa tena, hakurudi. Tulimzika Ndithini, karibu na ua wa mikonge, na tukangoja udongo ukae.

Udongo ulikaa. Mvua ikaja ikaushusha, kilima kikawa kifupi, msalaba wa mbao ukaanza kulala upande. Watu wakamtazama Baba. Baba akasema udongo bado. Kisha akasema mawe hayajapatikana, na hiyo ni Ndithini, ambako ukikosa kila kitu huwezi kukosa jiwe. Shangazi, dada yake, alimjia uwanjani akiwa amefunga leso ya vita. "Wewe umejengea wafu wa watu wote. Huyu wa kwako anakosea wapi?" Baba akaingia ndani. Kaka yangu alipoleta fundi mwingine, mzee alisimama mbele ya kaburi na nyundo mkononi, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Hakuna mtu atagusa hapa." Yule fundi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Aliomba radhi na kuondoka.

Basi ikawa hivyo: yeye hajengi, na mwingine hajengi. Akaacha kula. Suruali zikaanza kumning'inia. Nilikwenda nikamchukua nikamleta kwangu mjini, akawa anakaa mlangoni juu ya kreti kuanzia asubuhi, hasemi na mtu, akitazama pale ambapo Mama alikuwa akisimama kukaanga. Niliogopa sana. Niliogopa kwamba kilima cha Mama kitasawazika na shamba kabla hakijajengewa, na niliogopa zaidi kwamba tutachimba kaburi la Baba kando yake. Usiku nilikuwa nasikiliza kama anapumua.

Ndipo nikapata wazo, na nililiona zuri. Nilijiambia kwamba mkono wake ukishika mwiko kwa kazi nyingine, kazi isiyo na kifo ndani yake, pengine utazoea tena. Nilimwambia, "Baba, wateja wangu wanakunywa kahawa wamesimama kama wako foleni ya hospitali. Nijengee kiti cha mawe hapa nje." Alirudisha macho yake pale pa kukaangia. Nikasema, haya, imeshindikana.

Kesho yake niliamshwa na mlio wa tindo juu ya jiwe.

Sijui kama naweza kueleza furaha ya siku zile. Nyuma ya ploti kulikuwa na mawe yaliyobaki nilipojenga, na mengine ya kilimani ambayo yalikuwepo kabla yetu sote. Aliyageuza moja moja, akayagonga, akayasikiliza. Alitoa kwenye mfuko wake wa kazi uzi wa ujenzi, ule wa zamani, mweusi kwa jasho, wenye mafundo mawili. Akafunga ncha kwenye kigingi, akavuta mpaka fundo la kwanza, akapiga kigingi kingine. Akavuta mpaka fundo la pili, akapiga kingine. Hakupima kwa futi. Hakuniambia niketi ili aone magoti yangu yanafika wapi. Niliona mafundo yale na nikaona ni mambo ya mafundi.

Mimi nilikoroga simiti. Alisema, "Ongeza maji." Kisha akasema, "Basi." Yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya majuma, na niliyapokea kama hotuba. Mchana alikula ugali akaongeza. Jioni aliniita mwaitu, mama yangu, jina analoniita kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na ambalo sikuwa nimelisikia tangu mazishi. "Mwaitu, mchanga huu ni mzuri. Ni wa mto gani?" Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa raha.

Kwa hiyo nilikuwa namtazama yeye. Kiti sikukitazama. Niliona tu kwamba hakikufuata ukuta wa duka. Kilikatiza uwanja, kichwa kikielekea machweo. Nilimuuliza, "Baba, si kingefuata ukuta, watu waangalie barabara?" Akasema, "Inakaa hivi," na mtu habishani na fundi kazini. Upande mmoja aliuinua kidogo, nikadhani ni wa kuegemea. Akakipiga plasta, akakilainisha kwa mwiko mpaka kikang'aa, akakifunika kwa magunia mabichi kisikauke haraka. Kilifika chini ya goti langu.

Siku ya kukifungua nilikipangusa, nikapanga vikombe juu yake, nikapika birika kubwa. Jirani yangu fundi wa nguo, mwanamke ambaye hajawahi kukataa kitu cha bure tangu nimjue, alikuja akapokea kikombe na kusimama.

"Keti," nikamwambia.

"Wacha ninyooshe miguu. Nimekaa kwa cherehani tangu asubuhi."

"Cherehani yako nimeisikia ikianza sasa hivi."

"Hata hivyo," akasema, akatazama upande mwingine.

Vijana wa boda boda walikunywa juu ya pikipiki zao. Mama mmoja wa kanisa letu aliweka mkoba wake juu ya kiti, akakiangalia, akauchukua haraka na kuukumbatia. Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Watu walinywea kahawa mbali nacho, wakikizunguka, na hakuna aliyesema neno. Sisi ni watu wa adabu mno wakati mwingine. Nilipasuka. "Hii kiti imejengwa kwa jasho! Kama ni chafu semeni!" Kijana mmoja wa boda boda akavua kofia na kusema, "Si chafu, mama. Iko tu sawa." Akavaa kofia akaondoka na kahawa yake nusu.

Baba aliyaona hayo yote kutoka mlangoni. Yeye mwenyewe hakukikalia. Alibaki juu ya kreti yake. Mimi pia sikukikalia, na nikiulizwa ningesema nina kazi nyingi. Chakula chake kikaanza kubaki tena kwenye sahani. Usiku nikarudia kusikiliza.

Kulikuwa na mteja mmoja wa Mama, mzee Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe, mwenye ndevu nyekundu za hina. Ndiye aliyekuwa akimsifu Mama kwamba kahawa yake ingeweza kunywewa hata kwao, na Mama alikuwa akimjibu, "Leta basi ng'ombe tubadilishane." Aliondoka kwenda kwao kaskazini Mama akiwa bado hospitalini, na kule alikaa muda mrefu kwa mambo ya mifugo. Hakuwepo kwenye mazishi. Hakujua.

Alirudi asubuhi moja ya soko. Nilimwona akivuka barabara kwa haraka yake ya kawaida, akitabasamu, akitafuta mtu kwa macho. Kisha macho yakaanguka kwenye kiti. Akapunguza mwendo. Alikuja mpaka upande ule wa chini, akasimama, tabasamu likamtoka. Akainua viganja viwili mbele ya uso wake na midomo ikawa inatembea. Cherehani ya jirani ikanyamaza. Alipomaliza alijipangusa uso kwa viganja, akamgeukia Baba.

"Mzee, pole. Pole sana. Mimi sikuambiwa."

Baba akavua kofia yake.

"Mmefanya vizuri kumlaza hapa karibu na kazi yake," mzee yule akaendelea. Kisha akanigeukia mimi, kwa upole, kama mtu anayemkosoa mtoto wa rafiki. "Lakini mama, hizi vikombe toa. Juu ya mtu aliyelala si vizuri kuweka vikombe."

"Hiyo ni kiti!" nilisema. Nilisema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. "Mama tulimzika Ndithini. Hiyo ni kiti cha kukalia!"

Hakuna aliyecheka. Jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni na nguo ya mtu mkononi, amefunga mdomo kwa ile nguo. Nilitazama kiti changu, na ndipo nilipokiona, kwa mara ya kwanza tangu kijengwe. Urefu wa mtu. Upana wa mtu. Kichwa kimeinuliwa kidogo, kimeelekea machweo kama tunavyowalaza watu wetu. Nilikuwa nimekaa na kaburi uwanjani, nikigombana na watu kwa nini hawalikalii.

Mzee wa ng'ombe alichanganyikiwa, masikini. Alianza kuomba msamaha. Baba akainuka kwenye kreti. Alitembea mpaka pale, akaweka kiganja juu ya ule upande ulioinuliwa, akaupapasa.

"Ni yeye," alisema. "Toa vikombe, mwaitu."

Nikatoa vikombe.

Mzee yule alikunywa kahawa yake amesimama kando ya Baba, kisha akaenda sokoni. Baba akaingia ndani akatoka na mfuko wake wa kazi. Alinionyesha uzi, kidole juu ya fundo la kwanza, kisha juu ya la pili. "Huu ni wa makaburi," alisema. "Hili ni urefu, hili ni upana. Niliyafunga zamani ili nisipime kila mara." Akatikisa kichwa. "Nilivuta uzi tu. Mkono ukaenda wenyewe." Nilitaka kumwambia hakuna neno, kiti ni kiti, tutakitengeneza. Hakunipa nafasi. "Hii ni yake," alisema. "Tumpelekee."

Alikivunja mwenyewe, taratibu, akiokoa mawe. Hakutaka msaada. Kaka alikuja na pikapu, tukapakia, tukaenda Ndithini, Baba akiwa nyuma pamoja na mawe, kwa sababu alikataa kukaa mbele. Kwenye ua wa mikonge kilima kilikuwa kimebaki kimo cha kiganja. Alipiga vigingi, akavuta uzi kwenye mafundo yake, na safari hii kila kitu kilikuwa mahali pake. Shangazi alikuja kutazama akiwa na maneno yake tayari. Akayameza, akaenda kuchota maji ya simiti.

Sina mengi ya kusema juu ya kazi ile. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, nami nilikoroga na kubeba na kila karai lilikuwa zito. Mpaka siku ile kuna sehemu yangu ilikuwa bado inamngoja Mama arudi kukaanga. Baba alipolainisha plasta ya mwisho, ile sehemu ikaacha kungoja. Iliniuma kuliko siku ya mazishi, maana siku ya mazishi kulikuwa na watu.

Yalibaki mawe kadhaa. Nilidhani tutayaacha pale. Baba aliyapakia kwenye wilbaro, akayasukuma kuvuka uwanja mpaka mlango wa jiko la Mama, ambao ulikuwa na kufuli tangu aondoke. Akaketi chini, akachukua uzi wake, akaanza kufungua mafundo. Yalikuwa yamekaza kwa miaka mingi na kwa simiti. Alitumia kucha, kisha meno. Fundo la kwanza likafunguka. La pili likafunguka. Uzi ukabaki mtupu, wenye vikunjo viwili.

"Mwaitu, njoo usimame hapa."

Nilisimama. Alishikilia ncha ya uzi chini kwenye unyayo wangu, akaupandisha mpaka nyuma ya goti. "Mlikuwa mnalingana," alisema. Kisha akaupandisha tena, upana wa vidole vitatu, akafunga fundo jipya. "Kwa ajili ya ile nyonga."

Alikijenga kikifuata ukuta, kikitazama uwanja na njia ya kuingilia, mahali ambapo mtu anayechambua kunde angeona nani anakuja. Kilikuwa cha watu wawili. Hakikuwa na upande ulioinuliwa. Kilipokauka alikipangusa kwa kofia yake, akarudi nyuma hatua chache, akanitazama.

"Unaonaje?"

Nilijua ananiomba nini. Niliweka mkono kiunoni. Nilikizunguka polepole, nikatazama juu na chini, na sikuwa naona kitu kwa machozi.

"Si mbaya," nikasema.

Baba aliitikia kwa kichwa. Alikwenda akaketi upande mmoja wa kiti, mgongo wake kwenye ukuta wa jikoni, akaacha nafasi ya mtu kando yake, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tumzike mke wake. Ningeenea kabisa kwenye ile nafasi, lakini ilikuwa ya Mama. Nilibaki nimesimama.